Mtani Amekalia Mzigo

Siku Tabu alipotoka eda, kaka yake mkubwa alikuja Mwananyamala na gari la mkaa kumchukua arudi shamba.

Hakutanguliza habari, wala hakuuliza. Gari lilisimama mbele ya nyumba wanawake wa mtaani wakiwa bado wamejaa ukumbini, dua imekwisha kusomwa, sahani za maandazi zinazunguka, na Tabu mwenyewe amekaa mkekani katika khanga mpya aliyonunuliwa na binti yake Naima, baada ya miezi ya kuvaa nyeupe. Akasikia honi. Akasikia sauti ya Mwishehe inamwambia dereva arudi nyuma kidogo, tako la gari liukaribie mlango. Tabu akajua. Anayekuja kusalimia hapimi upana wa mlango.

Dalili alikwishaziona tangu siku ya maziko ya mumewe. Mwishehe alisema mbele ya wazee, "Akimaliza eda tutajua la kufanya," na kwa watu wa kwao Kisarawe neno hilo lina maana moja tu: mwanamke aliyefiwa hurudishwa kwa kaka zake. Yeye Tabu hakuulizwa. Akaingia eda na jambo hilo moyoni, akaligeuza na kuligeuza kama kitumbua kwenye chuma, mpaka likaiva pande zote mbili. Hataki kurudi. Nyumba ile ya vyumba sita aliijenga na marehemu Mashaka. Udongo wa kuta zake aliukanda kwa miguu yake mwenyewe. Ndugu za Mashaka walikwisha kuridhia: wao wamechukua minazi ya Kibiti, yeye na Naima wamebaki na nyumba. Vitumbua vyake vilikuwa vinajulikana mpaka kwa wachongaji wa Mwenge. Na kila Alhamisi wanawake walikuja kusoma kwake, wengine watu wazima waliokuwa hawajui hata alifu.

Kukataa, basi, alikuwa amekwisha kukataa. Ila atamwambiaje? Kumkatalia kaka mkubwa mbele za watu ni kumvua nguo sokoni. Hilo Tabu hakulipatia njia, akamwachia Mungu.

"Shikamoo, kaka," alisema Tabu, Mwishehe alipoingia.

"Marahaba. Pole na eda. Mungu amekupa subira."

"Alhamdulillahi."

"Haya, funga vitu. Gari la watu hili, linataka kuipita Pugu mapema."

Naima akasimama na sahani yake. "Shikamoo mjomba. Kwani mama anakwenda kumtembelea nani?"

"Kutembea nini, mwanangu? Anakwenda kwao. Mwenda kwao si mtumwa."

Kila mwanamke akaangalia andazi lake. Naima akamtazama mama yake. Tabu akatazama jua lililoingia mlangoni, akaona limesogea.

"Adhuhuri imeingia, kaka. Nisali kwanza."

"Sali, sali. Sie tutaanza kutoa vile vizito."

Tabu akaenda uani kutia udhu. Maji yalikuwa yamekwisha kutekwa, ndoo imefunikwa kwa ungo. Hiyo ni kazi ya Jesca, mpangaji wa chumba cha nyuma. Tangu eda ianze Jesca ndiye aliyeshika ndoo, jiko na wateja wa vitumbua, na hakuna siku aliyoomba asante.

Eda humfungia mwanamke mlango, lakini dirisha haimfungii. Miezi yote ile Tabu alikaa dirishani na tasbihi yake, akawajua watu wa nyumba yake kuliko miaka yote aliyowapitia mbiombio na beseni kichwani. Alimjua Albano, Mmakonde wa Newala, aliyepanga chumba cha mbele na kutoka kila asubuhi kwenda kuchonga mpingo Mwenge. Watu walimuuliza Albano kama alikimbia vita vya mpakani. Yeye husema hapana, mie nilikimbia ndoo: kule kwao juu mama yake alikuwa anatoka na ndoo jogoo hajawika, anateremka bondeni, anarudi jua limewaka, na ndoo yenyewe nusu. Alimjua na Jesca, Mnyamwezi wa Sikonge, aliyekuja na treni akimfuata mumewe Petro. Mwaka ule viwanda vilipoanza kufungwa na kila kona ikafunguliwa fungu la mitumba, Petro alipunguzwa kazini, akavuka kwenda Kigamboni kuchoma chokaa, akawa anarudi Jumapili tu. Jesca hucheka na kusema, "Nilimfuata mume. Mume kaendelea na safari, mie nikabaki stesheni."

Ni huyu Jesca aliyeufanya msiba wa Mashaka ukawa msiba wa watu. Wanyamwezi na Wazaramo, watu wa kina Tabu, ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana kazi yake kwenye kilio. Yeye ndiye anayechekesha waliovimba macho, anayefagia uwanja, anayewatukana wafiwa na hakuna wa kumjibu kwa hasira. Jesca alilala mkekani akakohoa kikohozi chenyewe cha Mashaka, akamwita Tabu amletee kahawa, mpaka Tabu akacheka huku machozi yanamtoka. Halafu akaziba njia ya jeneza, kama ilivyo ada, akadai chake. Mkubwa wa upande wa Tabu alikuwa Mwishehe. Mwishehe akasema, "Mtani, nitakutoa kesho kutwa, jogoo mzima," Jesca akampisha. Jioni ile ile Mwishehe akadandia gari la Kisarawe, akaenda zake.

Sasa mtu wa pwani anajua kwamba mtani haachwi hivyo. Ukimwacha hujamtoa, msiba haujakwisha kwake, na kila kitu cha nyumba ile anaweza kukitia mkono.

Tabu alisali polepole. Kwenye sijida ya mwisho aliomba ulimi tu, hakuomba kingine. Alipotoa salamu akasikia kicheko kikubwa huko mbele, na sauti ya kaka yake inasema, "Shuka, mama. Shuka bwana."

Akatoka na msala begani.

Kitanda chake cha mninga kilikuwa kimekwama mlangoni, nusu ukumbini, nusu barazani. Albano, aliyeombwa asaidie, ameshika miguu ya upande wa nje. Twalib, dereva wa gari la mkaa, ameshika ya ndani, jasho linamtoka. Na katikati ya kitanda, miguu imekunjwa, andazi mkononi, amekaa Jesca.

"Sishuki," alisema Jesca.

"Kitanda cha watu hicho."

"Na mie mtu. Tena mtani. Umenisahau, mzee wa jogoo?"

Mwishehe akacheka, kicheko cha mtu asiyetaka kucheka. "We Mnyamwezi! Babu zako walitoka Tabora na pembe vichwani mpaka pwani, hakuna aliyeuliza ndani mna nini. Leo wewe unaukalia mzigo badala ya kuubeba?"

Wanawake wakaangua kicheko. Albano akatua kitanda.

"Ndiyo maana naujua mzigo," Jesca akamjibu. "Babu yangu alilipwa ndio akabeba. Nyie Wazaramo mliteremka kutoka milimani kufuata chumvi, mkaipata, mkakaa mnailamba mpaka leo. Hata kumtoa mtani mmesahau."

"Chumvi ile tulipewa kwa heshima!"

"Nani kasema mliiba? Mbona unajishitaki?"

"Nasikia babu yako alipoiona bahari aliuliza nani kaimwaga."

"Akaambiwa Wazaramo, walikuwa wanafua shuka moja ya ukoo mzima. Mzee, toa jogoo."

"Jogoo nitakuletea."

"Yule wa siku ya maziko? Huyo sasa amekwisha kuwa babu, mchuzi wake hauivi."

Twalib dereva naye akatua upande wake, akajifuta kwa shati. "Mzee, malizaneni. Mie nachoma mafuta."

Mwishehe akatoa noti mfukoni, akaikunja, akamnyooshea. Jesca hakuitazama.

"Noti sitaki. Nataka jibu. Mtani akidai jibu hupewa, au sivyo, wanawake?"

"Hupewa!" wakaitikia.

"Basi nisikilize." Jesca alimeza andazi lake lote kwanza. "Mtu haondoki kwao bure. Ama kuna kilichomsukuma, ama kuna kilichomwita. Umekuja kumrudisha dada yako. Haya. Nataka uniambie, kilichomleta huku kimekwisha? Kama kimekwisha, nashuka sasa hivi, na kitanda nakibeba mwenyewe kichwani kama babu yangu."

Mwishehe hakufikiri hata kidogo. "Kilichomleta huku ni mume. Mume amekufa, Mungu amrehemu. Kimekwisha. Shuka."

Jibu lilikuwa fupi na limenyooka, na Tabu aliona uso wa Jesca unavyobadilika: mtani ameingia kwenye mtego alioutega mwenyewe. Jesca akawatazama wanawake, wakatazama chini. Akamtazama Albano.

Albano alikuna kidevu. Si mtu wa maneno mengi, na pale alikuwa mpangaji tu. "Mzee, samahani. Mie niliondoka Newala kwa ajili ya maji. Siku hizi bomba limefika karibu na kwetu. Ndoo imekwisha, kwa hesabu yako. Sasa mbona sirudi?"

"Nitajuaje? Labda umeoa."

"Sijaoa. Nimejifunza kuchonga. Kilichonitoa kilikuwa kimoja, kilichoniweka ni kingine."

"Wewe mwanaume, kijana. Ukilala popote ni kwako."

Hapo ndipo Tabu alipoona njia. Haikuwa pana, lakini alipita. Akatandika msala kwenye kizingiti cha chumba chake, akakaa chini, chini kuliko kaka yake, kama mdogo anavyozungumza na mkubwa. Wanawake waliokuwa nyuma wakasogea kumsikia, kwa kuwa tangu azikwe Mashaka hawajamsikia akisema kwa sauti.

"Kaka, niruhusu."

"Sema."

"Jibu ulilompa mtani silo."

Mwishehe akageuka mzima.

"Sikuvunjii heshima. Wewe mwenyewe utanisahihisha nikikosea. Pale unapopaita kwetu, pana kaburi la nani?"

"La baba."

"Baba alikufa baadaye. Mama amezikwa wapi? Na bibi yetu aliyemzaa mama?"

"Mtoni kule. Kwenye mikorosho yao."

"Kwenye mikorosho yao. Na sie tulitoka mtoni vipi? Lilikuja lori wakati wa operesheni ya vijiji, tukaambiwa tupande, tukapanda. Wewe ulibeba mlango wa nyumba begani kwa sababu ulikuwa mpya. Tukashushwa kwenye mistari, kila nyumba na mstari wake, tukaambiwa hapa ndipo kwenu. Mwaka mzima baba alikuwa anaamka anakwenda mtoni kwa miguu kuangalia korosho. Nasema uongo?"

"Husemi uongo."

"Mashaka naye, Rufiji ilifurika ikachukua mpunga na nyumba. Alikuja mjini hana kitu, jembe tu, na jembe mjini halina kazi. Yeye alitolewa na maji, mie nikatolewa na amri. Halafu akaja kuposa. Wewe ndiye uliyekuja kuniuliza uani, unakumbuka? Ukasema, 'Mndengereko yule, unamtaka au humtaka?' Nikasema namtaka. Kaka, katika maisha yangu yote, hiyo ndiyo safari ya kwanza niliyoulizwa. Sehemu zote nyingine nimepelekwa. Hapa nilikuja."

Bibi mmoja nyuma akasema, "Naam."

"Mashaka kafa, na nimemkalia eda yake yote, sikuibakisha. Lakini yangu mie, ile ya kusema namtaka, haijafa. Iko kwenye kuta hizi."

"Kwa hiyo unanikataa?" Mwishehe alipaza sauti, mishipa ya shingo ikamtoka. "Mbele ya watu? Mie kaka yako, nimekodi gari—"

"Kakasirika!" Jesca akaruka juu ya kitanda, mikono hewani. "Mtani kakasirika! Nimeshinda, wanawake, piga vigelegele!"

Vigelegele vikapigwa mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Mwenye kumkasirikia mtani amekwisha shindwa, Mwishehe alilijua hilo toka utotoni. Kwa kuwa hapakuwa na kiti, akakaa kwenye ukingo wa kitanda hicho hicho, kando ya Jesca. Akavua kofia, akaipakata.

Tabu alimtazama. Aliona kola ya kanzu yake imekatika na haikushonwa. Aliona kucha za mtu anayejipikia, zina masizi. Mambo haya alikuwa hakuyaona siku ya maziko, kwa kuwa macho yake siku ile yalikuwa na kazi nyingine.

"Kaka," alimwambia taratibu, "wifi hajambo?"

"Yuko Kigamboni kwa binti yake. Alikwenda kulea mjukuu. Mwaka wa pili sasa, mjukuu anakimbia na yeye hajarudi."

"Na vijana?"

"Wapo huku huku kwenu. Wanatembeza mitumba, mmoja Kariakoo, mmoja sijui wapi. Mwanzo walisema watarudi msimu wa korosho." Akaisugua kofia kwa kidole gumba. "Nyumba ina vyumba vinne, nalala kimoja. Mikorosho imeota majani mpaka magotini. Kijiji kizima kimebaki wazee na mbuzi. Usiku nikikohoa, najijibu mwenyewe."

Jesca alimpa Mwishehe nusu ya andazi lililobaki kwenye sahani, naye akalipokea bila kujua amelipokea.

"Kumbe hukuja kunirudisha mie," Tabu alisema. "Umekuja kutafuta mtu."

Mwishehe alitafuna. "Ningesemaje?"

"Ungesema hivyo hivyo. Ungesema 'Tabu, nimebaki peke yangu.' Ningekuwa nimekwisha kujifunga khanga kiunoni." Akainuka, akaukunja msala. Sasa hakuwa na shaka hata ya nukta. Jambo lilikuwa limejipanga mbele yake kama nafaka iliyopepetwa. "Sikiliza, kaka. Kuhama sihami. Lakini kwenda na kurudi si kuhama. Masika nitakuja tupande. Korosho zikianza kudondoka nitakuja tuokote. Kazi ikiisha narudi kwangu. Na wewe jua likikuchosha kule, njoo, kile chumba cha kona hakina mpangaji."

"Mie nikae mjini? Nife kwa kelele?"

"Basi uje kusalimia tu. Na wale vijana nitawatafuta. Nitawaita hapa Alhamisi, niwape vitumbua, nikishawalisha nitawasema. Mmoja atarudi, ninamjua, anakuogopa kuliko anavyonipenda mie."

Mwishehe akacheka, safari hii kicheko chake mwenyewe. Akamgeukia Jesca. "Mtani, umepata jibu?"

"Nimepata. Silo uliloleta wewe, lakini nimelipokea." Jesca akashuka. "Jogoo bado."

"Jogoo utapewa."

"Albano, shika huko. Kitanda kinarudi ndani."

Wakakiinua. Kutoka kilikuwa kimesumbua, kuingia kikaingia chenyewe. Twalib akasimama barazani, mikono kiunoni, anaitazama karoseri ya gari lake jeusi kwa vumbi la mkaa.

"Sasa mzee, gari linarudi tupu?"

Mwishehe akavaa kofia. "Lirudi tupu. Nitafanyaje?"

"Haliwezi kurudi tupu," Tabu akasema. "Kiangazi kinaanza, majani yale yakikauka moto utaingia kwenye mikorosho. Umesema magotini? Hayo hayangoji masika. Naima, niletee jembe la baba yako na nguo zangu mbili. Nitakaa mpaka shamba liwe safi."

"Mama! Ndio kwanza umetoka eda!"

"Ndiyo. Nimekaa ndani mpaka viungo vimelala. Nakwenda na kaka yangu, siendi na mtu baki. Jiko liko mikononi mwako na kwa Jesca, na Alhamisi mwambie mama Rukaiya awasomeshe wenzake pale tulipoishia."

"Na usipokuja," Jesca akasema huku anajipangusa makombo, "kitanda nauza."

"Uza. Mie sipo, Jumapili Petro akija mtalala wapi, mkekani?"

Wanawake wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega. Tabu akawaaga mmoja mmoja kwa mkono, akamwambia Naima asiweke hamira nyingi, akapanda mbele kwa Twalib, kaka yake kando yake, jembe limelazwa miguuni. Gari likaingia barabara kuu.

Walipokwisha kuipita Tazara, Mwishehe akasema bila kumtazama, "Utaanzia wapi?"

"Shamba la juu, lile la karibu na njia. Na sitalima mie peke yangu huku wewe unanitazama. Kesho baada ya alfajiri tunatoka wote."

"Mgongo unaniuma, Tabu."

"Utauma huku unalima. Ukikaa nao peke yako nyumbani unazidi."

Mwishehe akashusha kioo cha upande wake, akatoa mkono nje. "Haya," akasema. "Alfajiri."